Jinsi ya kupanga uani padogo pakawa pa kukaa na wageni jioni, hatua kwa hatua

Eneo la mita 5 kwa 6 nyuma ya nyumba linatosha kabisa watu kumi wakakaa, wakala, wakapiga stori mpaka saa nne usiku. Naongea hasa na sisi wa Dar, wale wa Tabata, Kinyerezi, Mbezi, Mbagala na kwingineko ambako uani pamebanwa na kuta za majirani, kuna kamba ya nguo, kuna tanki, kuna mtungi wa gesi, na wenye nyumba washaamua hapo ni pa kufulia tu basi. Panafaa sana jamani. Ila tatizo ninaloliona kila mahali ni watu kuanza na maua, mtu anapita kwa wauza miche barabarani anarudi na miche kibao anaipanga ukutani, alafu wageni wakija jua linawapiga usoni, moshi wa jiko unawafuata, hakuna pa kuweka sahani, mwisho wote wanahamia ndani kuangalia tivii. Anza na saa ambayo watu watakaa. Ukishajua saa, kila kitu kingine kinajipanga chenyewe.

Hatua ya 1: Jua la saa kumi jioni liko wapi

Wageni wetu wanakuja kuanzia saa kumi, kumi na moja, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro. Kwa iyo jua la saa sita mchana halikuhusu sana, linalokuhusu ni la jioni, linalokuja kwa kuinama kutoka magharibi. Na halitoki sehemu ile ile mwaka mzima, mwezi wa sita linazamia upande wa kaskazini magharibi na mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini magharibi, sasa ukipima Juni tu ukajenga, Desemba utashangaa linapenya pembeni.

Kupima ni rahisi. Chukua chaki au mkaa, saa kumi kamili chora pale kivuli cha ukuta kinapoishia, rudia saa kumi na moja, na saa kumi na mbili. Ukuta wa mita 2 ulioko upande wa magharibi, saa kumi na moja unatupa kivuli cha kama mita 4 mpaka 6, kutegemea mwezi, kuingia uani kwako. Hata iwe mita 4 tu! Hicho ni kivuli cha bure, hujanunua bati wala neti.

Na hapa ndo kwenye jambo ambalo mafundi wengi hawakwambii. Ukuta wa magharibi, ule uso wake unaotazama ndani, nusu yote ya pili ya mchana uko kivulini kwa hiyo jioni umepoa. Ukuta wa mashariki ni kinyume chake, uso wake wa ndani umechomwa na jua tangu saa saba, tofali zimekunywa moto na zinautoa taratibu mpaka usiku, ukikaa umeuegemea saa mbili usiku mgongo bado unachemka. Kwa hiyo viti vyako viende ukuta wa magharibi, mimea mingi iende ukuta wa mashariki ikale lile jua. Mkishaelewana hapo nusu ya kazi imeisha.

Kama upande wako wa magharibi hakuna ukuta bali ni nyumba yenyewe, vizuri zaidi, nyumba ina kivuli kirefu kuliko ukuta. Kama magharibi pako wazi kabisa basi utahitaji kivuli cha kutengeneza, tutafika.

Hatua ya 2: Vitu visivyohama

Chukua karatasi ya mahesabu ya mtoto, ile yenye viboksi, kila kiboksi kiwe nusu mita, chora eneo lako. Weka mlango wa jikoni, dirisha la chumbani, tanki, bomba, na muhimu kuliko vyote chemba za maji machafu na shimo. Usijenge kitu cha kudumu juu ya mfuniko wa chemba, hata iwe inakuudhi vipi. Siku ikiziba, au siku gari la kunyonya maji taka limekuja na mpira wake, utavunja baraza lako zuri uliloligharamia. Juu ya chemba weka chungu chepesi cha maua, mtu mmoja akiweza kukisogeza, na upande huo usiwe wa kukaa watu maana hewa yake unaijua.

Kamba ya nguo isikate katikati. Ipeleke pembeni sehemu yenye jua la asubuhi, au tumia zile za kuvuta zinazojikunja, siku ya wageni hakuna nguo. Tanki na mtungi wa gesi vifiche kwa pazia la mwanzi au fremu ya mbao yenye mmea unaotambaa, ila mtungi wa gesi uachiwe hewa ipite na usiwe karibu na jiko la mkaa hata kidogo.

Njia ya kutoka jikoni kwenda wanapokaa watu iwe na upana wa sm 90. Aliyebeba sinia la pilau anahitaji viwiko vyake vyote, na hataki kuruka vyungu.

Hatua ya 3: Pa kukaa, na kwa nini nasema jenga baraza

Viti vya plastiki na meza vinakula nafasi kuliko unavyodhani. Meza ya duara ya sm 90 inakaa watu wanne, lakini kila kiti kinataka kama sm 75 nyuma ya meza ili mtu avute akae, kwa hiyo meza hiyo moja na watu wake imekumeza eneo la mita 2 na nusu kwa 2 na nusu. Meza mbili na uani pako pamekwisha, hakuna pa kupita.

Baraza la kujengea ukutani linahitaji nusu mita tu kutoka ukutani na kila mtu anatosha kwenye sm 60. Ukuta wa mita 5 unakaa watu wanane. Watu wa pwani walilijua hili zamani sana, ukienda Lamu unakuta daka zile nje ya mlango zenye viti vya mawe pande mbili, ukienda Mji Mkongwe Zanzibar mabaraza yanakwenda na ukuta mtaa mzima, vichochoro vyembamba na bado watu wanakaa kahawa inapita kati. Miji yote miwili iko kwenye orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001, watalii wanapiga picha mabaraza yale yale ambayo sisi tukijenga Dar tunaona ni ushamba tunakimbilia sofa za kamba za plastiki. Mimi nalipenda baraza kwa moyo wote na sioni kitu kinacholishinda kwenye eneo dogo.

Namna ya kulijenga: urefu wa kukaa ni sm 45 kutoka sakafuni, na kama utaweka godoro la sponji la sm 5 mpaka 8 juu yake basi shusha zege liwe sm 38 mpaka 40. Kina chake, yani kutoka ukutani mpaka ukingoni, sm 50, ukitaka watu wakae wamekunja miguu weka 70. Tofali za kawaida zikisimamishwa zina sm 23 kwenda juu, kozi mbili, yani safu mbili, na udongo wake zinakupa kama sm 48, kwa hiyo kozi ya kwanza mwambie fundi aizamishe kidogo kwenye msingi. Uso wa juu uwe na mteremko mdogo sana kuja mbele, ili mvua isitulie. Usilishikanishe baraza na ukuta wa jirani kwa nondo, liache lisimame lenyewe, na mjulishe jirani kabla, maana ukuta ni wa wote wawili. Chini ya baraza acha uwazi sehemu moja wenye mlango mdogo, humo utatunza mkeka, mkaa na mito.

Mbele ya baraza acha wazi. Hapo ndo mkeka unatandikwa, sinia moja wanalizunguka watu wanne au watano na duara lao linataka kama mita 2. Wazee na wajawazito wanakaa juu ya baraza, vijana na watoto chini, viti vya plastiki vinne vya kupachikana vinasubiri pembeni kwa wasiopenda kukaa chini. Meza tafuta stuli ndogo ndogo tatu au nne za mbao, zinasogea kila mahali, kuliko meza moja kubwa.

Hatua ya 4: Sakafu na maji ya mvua

Usifunike kote. Kwenye mita za mraba 30, weka pevingi kwenye kama mita 18, zilizobaki ziwe udongo, kokoto na mimea. Sababu ni hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, mvua kubwa moja ya masika ya milimita 50 inakumwagia lita 1,500 kwenye uani huo, bado ya paani. Ukifunika kila mahali kwa zege yataingia jikoni kwako au kwa jirani, na hapo undugu unaisha.

Sakafu ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani angalau sm 15. Mteremko sm 1 mpaka 2 kwa kila mita, kwenda kwenye kitalu cha mimea au mtaro, kamwe usielekee nyumba. Fundi akikwambia "hapa niko levo kabisa" mwambie hutaki levo, unataka maji yaondoke, chukua ndoo ya maji mwaga mbele yake uone yanakwenda wapi kabla hajaondoka na hujamlipa yote.

Pevingi za sm 10 kwa 20 zinakwenda 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 18 ni 900, ongeza kama 45 za kukatwa na kuvunjika. Chini yake kifusi au kokoto iliyoshindiliwa vizuri sm 10, alafu mchanga sm 3 mpaka 5. Kushindilia ndo kila kitu, wengi wanaruka hapo na masika ya kwanza tu sakafu inakuwa mawimbi mawimbi. Rangi chagua ya mwanga, kijivu hafifu au ya udongo, nyeusi inapendeza picha lakini watoto watatembea peku hapo na jua la Dar unalijua.

Tailizi za ndani zile zinazong'aa usiweke nje, zikilowa mtu anateleza anavunjika nyonga. Nyasi nazo fikiri mara mbili, eneo dogo lenye kuta halipati jua la kutosha na watu wakikanyaga kila wiki zinakufa. Ukizitaka sana, nyasi za Pemba zinavumilia kivuli kuliko nyingine.

Hatua ya 5: Kivuli cha juu, upepo na jiko

Kama jua la jioni bado linaingia, neti ya kivuli ndo rahisi, ile ya kijani au ya kahawia, ivutwe kwenye waya na nguzo za bomba, chini isipungue mita 2.2 na upande mmoja uwe juu zaidi ili joto litoke. Ifunge kwa kulabu uweze kuitoa usiku, kukaa chini ya nyota ndo raha yenyewe. Makuti yanapendeza sana na yanapoza kweli, ila yanahitaji mteremko mkali wa kama digrii 45 maji yasitulie yakaoza, na yanashika moto kwa cheche moja. Makuti na mkaa visikae pamoja, uani padogo moto ukishika hakuna pa kukimbilia. Uamuzi wangu kwa eneo la mita 5 kwa 6 ni neti.

Upepo wetu uko wa misimu miwili, kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia kama Aprili mpaka Septemba hivi, kaskazi linatoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi. Ona kwamba yote mawili yana mashariki ndani yake, na mchana na jioni upepo wa bahari nao unatoka huko huko. Kwa hiyo ukuta wa mashariki ukiwa umezibwa wote unakosa hewa. Ongea na jirani kama kozi mbili za juu zinaweza kuwa tofali za matundu, hewa inapita na hakuna anayemuona mwenzie.

Na kwa sababu hiyo hiyo, jiko la kuchomea likikaa mashariki moshi wote unawafuata walioko kwenye baraza magharibi. Wakati wa kusi liweke kona ya kaskazini magharibi, wakati wa kaskazi lihamie kona ya kusini magharibi, mwisho wa baraza, moshi unaondoka na ukuta. Ndo maana nawasihi msijenge jiko la tofali mapema. Chukua jiko la chuma lenye miguu, la kubeba, choma mishikaki na samaki mwaka mzima uone misimu yote miwili, ukishajua moshi wako unakwenda wapi ndo ujenge. Dirisha la jirani nalo liangalie, mtu ananyonyesha mtoto chumbani wewe unamjazia moshi wa kuku.

Hatua ya 6: Sasa ndo mimea

Chagua michache inayofanya kazi. Kwa jioni ninachokitaka mimi ni harufu, kwa sababu usiku rangi ya ua hata huioni lakini asumini unainusa toka mlangoni. Asumini ipande ukuta wa mashariki, ipate jua, ipandishe kwenye waya, upepo utakuletea harufu mpaka ulipokaa. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kwenyewe, haukui sana, unastahimili kivuli, na kilua kimoja kikichanua uani kote kunanukia, ukiweza kupata mche uweke kona ya karibu na baraza. Mlangilangi harufu yake hakuna asiyeipenda ila ni mti mkubwa, utakuzidi, uache kwa wenye eneo.

Karibu na njia ya jikoni weka vyungu vya vitu vya kuchuma: mrihani, mnanaa, mchaichai, pilipili, na mdimu mmoja kwenye chungu kikubwa cha upana wa sm 50 au 60. Wageni wakikaa unakata ndimu papo hapo ya kukamulia mishikaki, chai ya mchaichai inatoka hatua mbili tu.

Vyungu si lazima vya bei. Ndoo za rangi za lita 20 zinafaa, zitoboe matundu matano sita chini, tia kokoto kidogo, alafu udongo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, mchanga sehemu moja. Ila uzipake rangi moja zote, eneo dogo likiwa na ndoo za kila rangi macho yanachoka.

Epuka fikasi na mkungu. Fikasi mizizi yake inatafuta maji na itaingia kwenye bomba na chemba, mkungu unanyanyua pevingi na majani yake yanadondoka kwa mafungu. Boganvilia ni nzuri na haitaki maji mengi, lakini ina miiba, isiwe karibu na pa kukaa wala wanapokimbia watoto.

Hatua ya 7: Taa na mbu

Taa moja kubwa nyeupe ya ukutani inaharibu kila kitu, watu wanaonekana kama wako kituo cha basi. Weka taa ndogo nyingi za mwanga wa njano, kwenye boksi la balbu tafuta 2700 au 3000K, ziwe chini chini: moja chini ya ukingo wa baraza, moja nyuma ya mdimu, nyaya za vitaa juu ya neti. Jiko lipate taa yake ya peke yake, mchomaji aone nyama imeiva au bado. Waya wa nje upite kwenye bomba, soketi iwe ya kifuniko, na laini ya nje iwe na swichi ya usalama ya milliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Hii usibane hela.

Mbu, nisikilizeni vizuri. Mchaichai ukiwa umekaa tu kwenye chungu haufukuzi mbu kiasi cha kukusaidia. Feni inasaidia, mbu ni mrukaji dhaifu, feni ya kusimama ikipuliza chini usawa wa miguu wanashindwa kutua. Lakini kubwa zaidi ni maji. Dar tumepata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019, na mbu anayeileta anauma mchana na jioni kabla giza halijaingia, yani saa ile ile wageni wako wamekaa, na anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama. Visahani vya chini ya vyungu viondoe kabisa au vimwage kila wiki, tanki lifunikwe, mfereji wa paa usafishwe, ndoo zisizotumika zilale kifudifudi.

Ukiwa huna hela ya vyote kwa mpigo

Mwezi wa kwanza pima kivuli, hamisha kamba ya nguo, nunua mkeka mzuri na taa mbili za njano. Hapo unaweza kuita watu tayari. Pili rekebisha mteremko na pevingi, na mabomba ya waya na maji yapite chini kabla fundi hajalaza tofali hata moja, hata kama taa utanunua mwakani. Tatu baraza. Nne neti. Kazi za sakafu na baraza zifanye Juni mpaka Septemba mvua ikiwa chache, simenti ikauke vizuri, ila baraza jipya lisikauke haraka, limwagilie asubuhi na jioni siku saba. Miche ya asumini na mdimu ingoje mwanzo wa masika, Machi, mvua ndo itakayokumwagilizia mpaka Mei.